Kununua pikipiki ndogo Hanoi

Ndugu muulizaji, unataka kujua kama ununue pikipiki ndogo mara tu utakapofika Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, kwa masomo. Ushauri wangu ni kwamba usubiri kidogo. Katika mji ule pikipiki ndiyo miguu ya watu: utamwona mama amempakia mtoto, mboga za sokoni zikining'inia kwenye usukani, na mvua ikinyesha koti moja la plastiki linawafunika wote wawili. Mwezi wa kwanza panda xe ôm, yaani bodaboda yao, ambayo jina lake lina maana ya chombo cha kukumbatia (na utakumbatia kweli), ili ukiwa nyuma ujifunze jinsi waendeshaji wanavyopishana kwenye makutano bila kusimama. Ukivuka barabara kwa miguu, tembea polepole kwa mwendo usiobadilika, kwani wao ndio watakaokukwepa. Ukiamua kununua, chagua yenye injini iliyo chini ya sentimita za ujazo 50, ambayo mwenye miaka 16 au zaidi huruhusiwa kuiendesha bila leseni. Kofia ngumu ni lazima tangu Desemba 2007, hata kwa abiria.