Kusoma katika kituo cha utafiti chenye fani nyingi: niliyoyaona kwenye malale mkoani Tabora

Mdogo wangu uliyeuliza, umeeleza kwamba umepata nafasi ya shahada ya uzamili katika kituo cha chuo kikuu kinachowakutanisha madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo, wataalamu wa wadudu na wa sayansi ya jamii, na kwamba watu wako wa karibu wanakuonya kuwa utatoka huko bila kuijua fani yoyote kwa kina. Nimefanya kazi ya maabara mkoani Tabora kwa miaka mingi, na kwa misimu miwili nilifuatana na watafiti wa kituo cha namna hiyo waliokuja kuchunguza malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, upande wa Urambo na Kaliua, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Malale hayashikiki kwa fani moja. Vimelea vyake hukaa katika damu ya ng'ombe na ya wanyama wa porini kama pongo, mbung'o huvisambaza, na mtu hukutana na mbung'o kwa sababu ya riziki yake: kurina asali, kukata kuni za kukaushia tumbaku au kuchunga. Tena vimelea vinavyomdhuru binadamu huku kwetu vina ndugu zao wanaoishia kwa wanyama tu, na chini ya hadubini huwezi kuwatofautisha. Daktari wa mifugo akiviona katika damu ya ng'ombe, hawezi kusema kwa macho kama ng'ombe huyo ni hatari kwa mwenye boma. Jibu limo katika jeni iitwayo SRA, inayokiwezesha kimelea kustahimili kinga ya damu ya binadamu, na kuitafuta jeni hiyo ni kazi ya mtu wa vinasaba.

Msimu wa kwanza kituo kilikuwa na fani zote hizo, lakini kila moja ilikuja kivyake. Watu wa mifugo walitoa damu ya ng'ombe baada ya masika, wa afya ya binadamu wakaja miezi mitatu baadaye, wa wadudu wakaja kiangazi. Mmoja aliandika jina la kijiji, mwingine la kitongoji, mwingine la shule iliyo karibu, na takwimu zao hazikuweza kuunganishwa hadi leo. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ilirudi ikiwa mitupu, ikaripotiwa kwamba mbung'o wamepungua. Sikuliamini hilo, kwa sababu warina asali walikuwa wakirudi kutoka porini na alama za kuumwa mikononi na shingoni.

Msimu wa pili walikuja pamoja, kwa gari moja, wakalala kambi moja. Dada wa sayansi ya jamii alikaa nusu siku na warina asali kwenye ago lao chini ya miombo, akauliza habari za mizinga kabla ya kuuliza habari za mbung'o. Ndipo mzee mmoja alipomweleza bila kificho kwamba walikuwa wakichukua vitambaa vya mitego kwa kuwa vilikuwa vizuri kwa kufungia mizigo, na hakuna aliyewahi kuwaambia ni vya nini. Mitego ikawekwa upya mbele yao, nao wakaonyesha mahali pa kuiweka, kando ya kijito wanakochota maji. Asubuhi ya pili vikombe vya mitego vilikuwa vinanguruma.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea kwenye meza ya kupimia damu. Daktari wa mifugo alizungusha kwa mashine damu ya ndama katika mrija mwembamba wa kioo ili itengane, akaniita nitazame pale chembe nyekundu zinapokutana na maji ya damu. Kitu kilikuwa kinapapatika, kikizisukuma chembe za jirani. Nikakumbuka kwamba nilikiona hivyo mara ya mwisho katika damu ya mgonjwa wa homa, enzi ambazo kila mwenye homa alisomewa kioo cha damu. Siku hizi zahanati hutumia kipimo cha haraka, ambacho kimetusaidia sana kwa malaria, lakini hutafuta malaria peke yake. Mgonjwa wa malale hurudishwa nyumbani na panadoli mpaka vimelea viingie kwenye ubongo. Nilipomwambia daktari wa binadamu, alinyamaza kidogo, kisha akaomba wagonjwa wa homa isiyo malaria wasomewe kioo palepale. Kuchelewa kuna gharama kubwa: melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyotumika kwa hatua hiyo, yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa, na ni mwaka 2024 tu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu.

Kwa hiyo hofu ya ndugu zako ina msingi kwa kituo cha msimu wa kwanza, si cha pili. Yule mtu wa vinasaba hakuacha kuwa mtu wa vinasaba. Alijua tu damu anayoipima imetoka kwa ng'ombe wa nani na karibu na kijito gani. Shika fani moja kwa nguvu. Nchini tunao mfano wa SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wenye msimamo wa Afya Moja, yaani afya ya watu, wanyama na mazingira kushughulikiwa pamoja, na Unguja iliondolewa mbung'o katika miaka ya 1990 kwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, kazi iliyohitaji watu wa mifugo, wadudu na nyuklia.

Kabla hujakubali nafasi hiyo, waulize kama timu zao huenda uwandani pamoja, siku ileile, na kama sampuli ya mtu, ya mnyama na ya mdudu huandikwa katika daftari moja kwa namba za mfumo mmoja. Wakikujibu kwamba kila idara ina daftari lake, omba kuonana na mwanafunzi aliyemaliza hapo kabla ya kutia sahihi.