Wanaoanza Kichina, ifuateni nahau mpaka ilikozaliwa

Mtapewa mapema orodha ndefu za chengyu, nahau ambazo nyingi zina herufi nne, mkaambiwa mzikariri. Ushauri wangu ni huu: chukueni chache, lakini kila moja mjue ilitoka wapi. Tazameni 子虚乌有, zǐxū wūyǒu, inayosemwa juu ya jambo la kubuni, lisilokuwapo kabisa.

Ukiifasiri herufi moja moja kwa kamusi utapotea, maana wū ni kunguru. Katika Kichina cha kale herufi hiyo ilikuwa pia ya kuulizia, kwa namna ya kukana: litakuwapo vipi? Tena Zixu na Wuyou ni majina ya watu. Aliyewatunga ni Sima Xiangru, mshairi wa Chengdu wa enzi ya Han, karne ya 2 kabla ya Kristo. Katika utungo wake Zixu, mjumbe wa dola ya Chu, anafika katika dola ya Qi na kujigamba kwamba kwao kuna mbuga ya majimaji ya Yunmeng, li 900 (kipimo cha umbali cha Kichina) kila upande. Wuyou anamjibu kwa niaba ya Qi. Wa kwanza ni Bwana Maneno Matupu, wa pili ni Bwana Yako Wapi, na anayewasikiliza, Wushi, ni Bwana Hakuna Mtu Huyo. Mshairi hakumhadaa msomaji. Ubunifu aliutangaza ndani ya majina yenyewe, na hilo ndilo linalonifanya niipende nahau hii kuliko nyingine.

Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kuwa Kaizari Wu wa Han aliusoma utungo huo akasikitika kwamba hakuishi zama moja na mtunzi. Yang Deyi, msimamizi wa mbwa wa kaizari, akamwambia: mtu huyo yupo, ni wa kwetu Shu, yaani eneo la Chengdu. Akaitwa.

Sasa matumizi. Nahau hii hueleza habari yenyewe. Msemaji anayekanusha husema chúnshǔ zǐxū wūyǒu, ni uzushi mtupu. Usiigeuze kitenzi ukaipa yambwa. Kitendo cha mtu kuzua kina nahau yake, 无中生有, wú zhōng shēng yǒu: kutoa kitu pasipo kitu. Wazo hilo limo katika sura ya 40 ya Laozi, kitabu cha kale cha falsafa, kwamba kuwapo kumezaliwa na kutokuwapo, na pale halina ubaya wowote. Baadaye likawa hila ya 7 kati ya zile hila 36 za vita. Leo, ukimwambia mtu maneno hayo, umemwita mzushi. Kazini anzeni na ile ya kwanza, inayoikana habari bila kumgusa aliyeileta.