Sigara ya baridi na safari zangu za New Hampshire

Juzi kijana mmoja wa Dorchester, mtaa wa hapa Boston, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeacha fegi mara nne mwaka huu. Wewe uliwezaje?" Nimecheka. Mimi niliacha mara 7 na kurudi, ndipo ikaja ile ya 8. Mwezi huu natimiza miaka 3 bila pafu hata moja, na najisifu, kwa nini nisijisifu?

Nilianzia Tanga, na SM, sigara ya menthol, yaani yenye ubaridi wa minti. Wakubwa walivuta sigara za kukwaruza kifua, sisi tukajiona wastaarabu na Sweet Menthol yetu, inapoza koo kama pipi. Nilipofika Boston na kupanga Roxbury, karibu na Nubian Square, sikuhitaji mwalimu. Duka la kona lilikuwa na bango la kijani la Newport, sigara ya menthol ya huku, dirishani, bei yake imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko bei ya maziwa. Nilikokuwa nasafisha ofisi, kwenye vitongoji vya Wazungu, mabango yale sikuyaona. Nikadhani ni ladha ya watu weusi tu, kama urojo kwa Wazanzibari.

Aliyenifumbua macho ni bibi wa ghorofa ya chini, Mmarekani mweusi aliyekulia Orchard Park, hapo hapo Roxbury. Alinisimulia kwamba utotoni gari lilikuwa linakuja mtaani kwao, watoto wanalikimbilia, wanagawiwa Newport bure. Nikasema moyoni, uzee huo. Kumbe mwaka 2010 baraza la mahakama (jury, raia wanaoamua kesi) hapa hapa Boston liliamua dhidi ya Lorillard, waliokuwa wakitengeneza Newport, katika kesi ya mama aliyegawiwa sigara hizo akiwa na miaka 9, akaja kufa kwa saratani ya mapafu. Aliyefungua kesi ni mwanawe. Miaka ya 1950 wavutaji weusi wa menthol nchini Marekani hawakufika hata mmoja kati ya 10. Sasa ni zaidi ya 8 kati ya 10. Hiyo si ladha ya kuzaliwa nayo, ndugu yangu. Kuna watu walilipwa mshahara kuileta.

Sasa nitubu. Tarehe 1 Juni 2020 jimbo letu la Massachusetts lilipiga marufuku menthol madukani. Wapo walioacha siku ile. Mimi nilijaza mafuta. Unashika barabara ya 93 hadi Salem, New Hampshire, jimbo jirani lisilo na marufuku hiyo, kule hata kodi ya mauzo hakuna, unarudi na katoni 5 chini ya kiti cha mtoto. Nikaanza kuuza moja moja, dola moja moja. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi yule yule. Alikuwa anafungua mlango wa jikoni, anakohoa mpaka anashika meza, kisha ananipangia sarafu 4 za robo dola, moja juu ya nyingine. Nami nazipokea!

Mwaka 2022 alilazwa. Nilipokwenda kumwona aliniita karibu, akaninong'oneza: umeniletea mbili? Nilikuwa nazo mfukoni. Sikumpa, lakini msinipigie makofi, maana nilirudi nikazivuta zote mbili nimekaa kwenye ngazi zake. Bibi hakurudi tena nyumbani.

Tuje kwenye ushauri. Menthol inatia ganzi koo, moshi unapita bila kugomba, unavuta ndani zaidi, na kuiacha ni kazi zaidi. Mara zote 7 nilitafuna bigijii ya minti, kosa kubwa, kwa sababu mdomo ukipoa tu akili inadai fegi. Mara ya 8 niliifukuza baridi yote: karafuu mdomoni, tangawizi kwenye chai, hata dawa ya meno nikaiweka kando, nikanunua mswaki wa mti kwa Msomali. Nikapiga 1-800-QUIT-NOW, namba ya kuwasaidia wanaoacha sigara, nikatumiwa plasta za nikotini bure. Wiki ya pili ni arosto tupu, sina haja ya kuisimulia. Tafuna karafuu. Nimeshasema, narudia: karafuu.

Na nyie mnaosema marufuku ya menthol ni kutuonea sisi weusi, hebu tulieni. Mwaka 2009 sheria ya Marekani iliziondoa sigara za stroberi, za chokoleti, hata za karafuu yetu, ikaiacha menthol peke yake. Waliolindwa pale ni sisi au wauzaji? Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inayosimamia pia tumbaku, ikapendekeza iondolewe nayo, na Januari 2025 pendekezo likafutwa. Kwa hiyo usikae kumsubiri mtu wa Washington akuachishe, na wewe mwenye vepu ya embe, acha kucheka, nawe nakuona.

Yule kijana nimemjibu mambo mawili: anunue karafuu, na aniambie ni nani anayemletea fegi kutoka New Hampshire. La karafuu kashukuru. La pili kalisoma, hajajibu.