Walimu Wanauliza: Ukurasa wa Intaneti Uwe Somo la Darasani

Toleo hili tunajibu barua za walimu wanaotaka wanafunzi wafanye kazi ndani ya ukurasa wa intaneti, si kuusoma tu na kuufunga.

Nafundisha Kiswahili S2 (mwaka wa pili wa sekondari). Maabara yetu ina kompyuta 12, intaneti ni ya bando la simu yangu, na umeme hukatika. Nimesikia ukurasa wa intaneti unaweza kuwekewa maswali katikati ya aya. Je, naweza kufanya hivyo bila kununua programu, na wanafunzi wakaufungua bila mtandao?
*Mwalimu, Masindi*

Mwalimu, inawezekana, na huhitaji kulipia programu yoyote. Tafuta kompyuta moja yenye kivinjari cha Chrome au Firefox, weka kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha bure kiitwacho SingleFile, uwe na flashi. Kinachofanya kazi yenyewe ni alama mbili za HTML (lugha ya kuandikia kurasa za intaneti), details na summary. Kivinjari chenyewe kinajua kuzifunga na kuzifunua, kwa hiyo mtandao ukikatika hakuna kinachoharibika.

Tuchukue ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili kuhusu mto Naili. Ufungue, kisha uteremke polepole hadi chini kabisa. Kurasa nyingi siku hizi hazipakui picha mpaka msomaji azifikie. Usipoteremka huenda ukahifadhi visanduku vitupu. Sasa bonyeza Ctrl+Shift+C, halafu bofya aya ambayo unataka wanafunzi wasimame hapo. Dirisha la msimbo litafunguka na mstari wa aya hiyo utakuwa umekolezwa rangi. Bofya mstari huo mara moja, kisha bonyeza F2 (kwenye kompyuta mpakato nyingi utashikilia Fn pamoja nayo). Aya itageuka maandishi unayoweza kuhariri. Peleka kishale mwisho kabisa, baada ya `</p>`, uandike:

`<details><summary>Simama hapa. Kwa nini bwawa la Owen Falls lilijengwa Jinja? Andika daftarini kabla ya kufunua.</summary><p>Fikiria mambo mawili: mteremko wa mto mahali pale, na ziwa lililo nyuma yake.</p></details>`

Bofya nje ya kisanduku. Chini ya aya litatokea swali lenye pembetatu ndogo pembeni. Ukilibofya, dokezo linafunuka. Rudia kwenye aya nyingine, kisha bofya alama ya SingleFile. Utapata faili moja tu la HTML, picha zikiwa ndani yake. Nakili kwenye flashi, uipitishe kompyuta zote 12. Bando lako limetumika mara moja.

Yafuatayo ndiyo huwaponza wengi. Ukibonyeza F5 kabla ya kuhifadhi, maswali yote yanafutika, kwa sababu kivinjari kinauleta upya ukurasa wa awali. Ukitumia Ctrl+S ya Chrome badala ya SingleFile na kuchagua HTML pekee, unahifadhi ukurasa kama ulivyotoka kwa wenyewe, bila swali hata moja. Ukichagua ukurasa kamili, maswali yanabaki, lakini unapata faili pamoja na folda yake. Anayenakili faili na kuacha folda atafika maabara akiwa hana picha. Video haziingii kabisa kama zinatoka YouTube. Ziondoe kwa kubofya mstari wake kwenye msimbo na kubonyeza Delete, wanafunzi wasije wakakaa kusubiri kisanduku cheusi.

Kuna pia kurasa zinazojengwa na programu wakati zinafunguka. Hizo zinaweza kufuta ulichoandika papo hapo. Kwa kurasa za namna hiyo geuza utaratibu: hifadhi kwanza kwa SingleFile, fungua nakala iliyo kwenye kompyuta, weka maswali humo, kisha uihifadhi tena kwa Ctrl+S kama ukurasa kamili.

Maswali nimeweka kumi na tano, lakini wanafunzi wanafunua majibu yote dakika ya kwanza kisha wanakaa. Nifanyeje?
*Mwalimu wa Jiografia, Mbale*

Punguza. Ukurasa wa maneno 600 unatosha vituo vinne, vitano vikizidi. Lakini idadi si tatizo kubwa kama aina ya swali. "Mto Naili unatoka ziwa gani?" halihitaji kufikiri, maana jibu liko kwenye sentensi iliyo juu yake. Linganisha na swali la Owen Falls tulilolitumia hapo juu. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954, palepale mto unapotoka ziwani, na leo linaitwa Nalubaale. Mwanafunzi anayejibu kwa nini Jinja lazima aunganishe mambo: maji yaliteremka kwa kasi mahali pale, na ziwa lilikuwa tangi kubwa ambalo tayari lipo, linalosawazisha maji ya mvua na ya kiangazi. Hakuna sentensi moja ya kunakili.

Tena, ndani ya details usiweke jibu. Weka dokezo. Jibu kamili likae kwako, au kwenye faili la pili unaloligawa nusu saa baadaye. Waketi wawili kwa kompyuta moja, mmoja akishika kipanya na mwingine kalamu, na wabadilishane kila kituo. Wakiwa wawili watabishana, na ubishi huo ndio unaoutafuta; mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unadai mwanafunzi aoneshe uwezo wake, si kukariri.

Njia hiyohiyo inafaa kwa msamiati. Mwanafunzi anayezungumza Kiganda akikutana na neno *nyanja* kwa maana ya fani huenda akadhani ni ziwa, kwa kuwa kwao *ennyanja* ni ziwa. Weka details fupi chini ya aya: neno, maana yake hapa, na sentensi moja ya mfano. Maneno matatu kwa ukurasa yanatosha. Ukifafanua kila neno, atasoma fafanuzi na kuacha habari.

Sisi tuna intaneti ya kutosha. Tungependa wanafunzi wa S3 waandike maoni yao pembeni ya makala na kujibizana. Tutumie nini?
*Mwalimu, Kampala*

Zana iitwayo Hypothesis ni ya bure kwa mwalimu mmoja mmoja, na inafanya hasa mnachotaka: mwanafunzi anakoleza sentensi, anaandika maoni, mwenzake anamjibu palepale. Kama kompyuta za shule zimefungwa zisikubali viendelezi, andika `https://via.hypothes.is/` kisha ubandike anwani ya ukurasa mara baada yake. Ukurasa utafunguka ukiwa na paneli ya maoni upande wa kulia. Njia hii hushindwa kwenye kurasa zinazodai kuingia kwa nywila.

Fungua kikundi cha faragha kabla ya yote, na mfundishe kila mtoto kutazama juu ya paneli kabla ya kuandika. Asipochagua kikundi, maoni yake yanakwenda hadharani, dunia nzima iyasome. Hili tunalisisitiza kwa moyo wote. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa binafsi za mtoto, na akaunti inadai barua pepe. Chukua ridhaa kwa maandishi. Ukishindwa kuipata, fungua akaunti moja kwa kila kundi la wanafunzi wanne, zenye majina kama s3kundi2, bila jina la mtoto yeyote.

Jambo jingine: maoni hushikamana na maneno yenyewe ya makala. Mwenye tovuti akiandika upya sentensi ile, maoni yanakosa pa kushika na yanahamishiwa kwenye kichupo cha pembeni. Hayajapotea. Ila kwa makala ya habari, ambayo huhaririwa mara kwa mara, maliza kazi ndani ya wiki moja.

Nataka kutuma kiungo kinachofungukia kwenye sentensi fulani tu.
*Mwalimu, Lira*

Mwisho wa anwani ongeza `#:~:text=` na maneno ya sentensi hiyo, nafasi zikiwa `%20`: mfano `#:~:text=mto%20mrefu`. Kivinjari kitateremka hadi hapo na kuyakoleza. Koma ndani ya maneno iandikwe `%2C`, la sivyo itachukuliwa kuwa kitenganishi cha mwanzo na mwisho. Chrome inaelewa tangu 2020, Firefox tangu toleo 131 la 2024. Kivinjari cha zamani kitafungua ukurasa juu kabisa, basi.

Je, nina haki ya kubadili ukurasa wa mtu na kuugawa?
*Mwalimu, Arua*

Wikipedia inaruhusu: taja chanzo, taja leseni ya CC BY-SA, sema umebadili nini, na nakala yako uigawe kwa leseni hiyohiyo. Mistari miwili juu ya ukurasa inatosha. Kwa gazeti, sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inaruhusu matumizi ya haki ya kufundishia, mwandishi akitajwa, lakini haikupi ruhusa ya kusambaza makala nzima mitandaoni. Tumia Hypothesis, ambayo haigusi makala yenyewe. Na usifute wala kubadili sentensi ya mwandishi huku jina lake likibaki juu. Maswali yako yawe na rangi au alama inayoonesha ni yako.

Sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Naweza kutengeneza?
*Mwalimu, Tororo*

Kwa sehemu. Chrome ya Android haikubali viendelezi. Firefox ya Android inakubali, na SingleFile imo. Kwa hiyo utaweza kuhifadhi ukurasa. Kuweka maswali, fungua faili hilo kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi, tafuta maneno ya mwisho ya aya yako, na ubandike details baada yake (au baada ya `</p>` kama ipo, maana SingleFile huenda ikaiondoa). Chagua ukurasa wenye picha chache, kwani picha hugeuzwa maandishi marefu ndani ya faili na simu ndogo itakwama kulifungua.