Nalipa kila mwezi, mbona deni la kadi halishuki?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Houston mwaka wa sita sasa, mama wa watoto wawili, usiku nabeba boksi, wikiendi nalea bibi mmoja mzee. Nina kadi tatu za mkopo. Ya benki nadaiwa dola 4,600 riba asilimia 24.24 kwa mwaka, ya duka 2,140 riba 29.99, na ya tatu 1,250 riba 27.49, hii mume wangu haijui, ndo naitumia kutuma hela nyumbani kwenye apu mshahara ukiwa bado. Sijawahi kuchelewa kulipa hata siku moja, zote tatu natoa kama 255 kwa mwezi, ile minimamu, kiasi cha chini kabisa wanachotaka wao, ila deni liko palepale. Juzi kampuni imenipigia inasema niache kulipa benki niwalipe wao, deni litakatwa nusu. Nifanyeje? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kwanza tufanye hesabu maana hapo ndo mchawi alipo. Riba ya kadi zako tatu kwa mwezi ni kama dola 175. We unatoa 255. Kwaiyo kinachopunguza deni ni dola 80 tu, nyingine yote wanakula wao. Hiyo ya benki peke yake inakula dola 3 na senti 5 kila siku, umeenda shifti hujaenda, umelala umeamka, inakula tu.

Chukua bili ya kadi yoyote, uangalie kile kiboksi ambacho watu wote tunakiruka. Kuna sheria ilipita Marekani mwaka 2009 inawalazimisha waandike ukilipa minimamu peke yake utamaliza baada ya miaka mingapi, na pembeni wanaandika ulipe kiasi gani umalize kwa miaka 3. Kwa hesabu yangu hiyo ya 4,600 inakaribia miaka 15. Na mtego wenyewe ni kwamba minimamu inashuka kadiri deni linavyoshuka, mwezi huu 139, baadaye 130, we unafurahi umepata nafuu kumbe umeongezewa miaka.

Dawa yake ni kugandisha. Chagua namba moja, ikae hapohapo mpaka mwisho, bili ikishuka wewe usishuke. Mimi ningekwambia 450. Najua utasema dada 195 ya kuongezea naitoa wapi, haya, mia itoke kwenye hela unayotuma nyumbani na 95 kwenye ovataimu. Ila kabla hujaanza weka kwanza dola mia tano pembeni, sio za kuguswa, maana tairi likipasuka kwenye hiwei wiki ijayo utarudi kwenye kadi mbio.

Sasa uanze na ipi. Hesabu inasema anza na ya duka kwa sababu ina riba kubwa kuliko zote, na wataalamu watakwambia hivyohivyo. Mimi nasema anza na ile ya siri. Tofauti ya riba kati yao ni ndogo, itakugharimu vidola vichache tu, lakini hiyo kadi ndo kidonda kinachotonesheka kila mwezi. Unajua ukituma hela kwenye apu kwa kadi ya mkopo benki nyingi zinahesabu umechukua keshi? Angalia bili, utaona wamekukata ada juu kwa juu, mara nyingi asilimia 5, afu riba inaanza sikuhiyohiyo, hamna kusubiri. Kwaiyo mama akitaka 400 za hospitali unakatwa 20 kabla hata hajapokea, na hapo bado ada ya apu yenyewe. Itoe hiyo kadi kwenye apu leo, weka ya debiti, ile inayokata hela yako mwenyewe iliyoko benki. Kama kwenye debiti hakuna hela basi hela haipo, na nyumbani waambiwe haipo.

Hapo ndo pagumu najua. Grupu la familia, grupu la sendofu ya binti wa shangazi, msiba, kadi ya mchango inaingia WhatsApp na wewe unaijibu kwa kadi ya mkopo, kadi inazaa kadi. Mpigie kaka au dada yako mmoja anayesikilizwa, mwambie kwa miaka miwili natuma kiasi hiki na tarehe hii, yeye ndo awatangazie wengine.

Ukienda hivyo, kadi zote ukizilipa minimamu yake ya leo na 195 yote ukiitupa kwenye ile ya siri, inakufa baada ya kama miezi 6. Hela yake unahamishia ya duka, inaisha ukifika miezi 13 hivi toka uanze, afu 450 nzima inageukia benki. Jumla kama miezi 23. Katikati hapo hamna kuswaipu hata mkate, maana ukiwa na deni unalolibeba kila mwezi riba ya kitu kipya inaanza siku uliyonunua.

Hao waliokupigia achana nao. Ukiacha kulipa, benki inaongeza faini na kredit skoa, zile alama za kukopesheka kwako, inaporomoka, na hamna anayeilazimisha benki ikubali hiyo nusu. Hata ikikubali, kilichosamehewa kinaweza kuhesabiwa ni kipato chako ukatozwa kodi. Na wakikuomba ada kwa simu kabla hawajamaliza deni hata moja, hilo limekatazwa toka 2010. Ukitaka msaada tafuta washauri wa madeni wasiofanya kwa ajili ya faida, walio chini ya NFCC, umoja wao wa huko Marekani, wapo toka 1951, wanaweza kuongea na benki riba ishuke, ulipe sehemu moja. Ila hata wewe mwenyewe piga ile namba ya nyuma ya kadi uulize kama wana mpango wa mteja aliyekwama, kuuliza ni bure.

Mumeo mwambie wiki hii kabla bili haijamwambia. Mpelekee karatasi yenye kadi zote tatu na hiyo miezi 23 imeandikwa chini, asikusikie unalia tu. Afu uniandikie alisemaje.