Mbwa kapata kwao, mimi nalia

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 29, kazi yangu ya ofisini, kutwa niko kwenye kompyuta na jioni ukiniuliza nimefanya nini sina cha kukuonyesha. Mwaka jana shoga yangu akanivuta twende kwenye kituo kinachookoa mbwa waliotupwa, nikaenda kumridhisha yeye tu maana mbwa nawaogopa tangu utotoni, nikapewa fagio na ndoo. Basi Shangazi tangu siku hiyo kila Jumamosi niko huko, nafagia vibanda, nabadilisha maji, natembeza wale wazee, narudi hoi lakini moyo mweupe kabisa.

Sasa nyumbani wananisema, eti nimesoma mpaka chuo kikuu afu naenda kuzoa kinyesi cha mbwa bure, bora hata ningejitolea kwa binadamu. Halafu kuna jike mmoja mzee nimemhudumia miezi 5, alikuja hataki kuguswa, wiki iliyopita kachukuliwa na familia nzuri tu na mimi nikaenda kulia chooni. Sa hivi kaja mwingine, anakaa kwenye kona uso ukutani, hali mpaka watu waondoke, naogopa kumzoea. Niache? Au nimchukue huyu nikae naye kwangu yaishe? Na hii raha ni ya kweli au nakimbia maisha yangu?

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimejitolea kwenye kituo kama hicho miaka mingi na mpaka leo nalia, tena mimi najifungia kwenye stoo ya vyakula, kwa hiyo usione haya. Yule bibi kizee alikuja hataki mkono wa mtu, kaondoka anaweza kuingia nyumba ya watu asiowajua na kulala usingizi. Aliyemfikisha hapo ni wewe. Unalia kwa sababu ulimpenda, na angekuwa hajapendwa na mtu hapo kituoni asingekuwa tayari kuchukuliwa, sasa utaachaje kazi ambayo ndio kwanza umeiweza?

Hilo la kinyesi wanaocheka hawajui wanachokicheka. Mwenye fagio ndiye wa kwanza kuona minyoo, kuona damu, kuona mtoto wa mbwa anaharisha tangu usiku, na kama ni ugonjwa wa parvo unaweza kumuua ndani ya siku chache na kuambukiza wenzake, kwa hiyo ukiwahi kumwita daktari wa mifugo asubuhi umeokoa banda zima. (Na wewe badilisha viatu na nguo kabla hujaenda kwenye nyumba yenye mbwa wachanga, kirusi hicho kinakaa miezi kwenye mazingira.)

Na hao wanaosema bora ujitolee kwa watu waambie kwa upole kwamba watu wamo humo humo. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu kinatoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa maambukizi yanaweza kukatika. Mbwa anayeokotwa akachanjwa na kufungwa kizazi ni hatari moja imepungua kwa watoto wanaocheza nje. Ila na wewe mwenyewe ongea na daktari wako kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa maana uko karibu nao kila wiki, na uking'atwa hata kidogo osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, uwe umechanjwa au hujachanjwa.

Kama unakimbia maisha? Angalia Jumatatu yako. Ukirudi kazini una nguvu na bado unapiga stori na shoga zako, hiyo raha ni yako halali, umekaa miaka unafanya kazi usiyoiona mwisho wake na sasa unamwona kiumbe aliyekuwa anatetemeka anatingisha mkia, nani asingefurahi? Lakini ukianza kukesha unaangalia picha za mbwa walioteswa, unaitikia kila simu, unaona watu wote ni wabaya, hapo punguza mapema. Jumamosi moja kwa wiki unayoweza kuitimiza miaka ina faida kubwa kwao kuliko kwenda kila siku miezi 3 ukapotea, nimewaona wengi wa hivyo na nawakumbuka kwa huzuni.

Kumchukua huyu mpya kwa sababu umemkosa yule wa kwanza, hapana, bado. Kwako utakuwa kutwa ofisini na yeye peke yake. Kama moyo unataka, siku za mbele omba kulea kwa muda, yaani unakaa na mbwa mpaka apate familia ya kumchukua, ila ukishapumua kwanza.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda, homoni ya upendo iitwayo oksitosini inapanda kwa wote wawili, na nadhani ndicho ulichokuwa unapata kwa yule bibi kizee mwishoni. Lakini kwa mbwa mwenye hofu ukimkodolea macho anaona unamtisha. Kwa hiyo Jumamosi usimwite, usimwinamie, usinyooshe mkono juu ya kichwa chake. Kaa chini mbali kidogo, mpe ubavu, soma hata kitabu, dondosha kipande cha chakula pembeni yako kisha endelea kusoma. Akipiga miayo au kujilambalamba mdomo ujue bado ana wasiwasi, sogea nyuma. Siku atakayogeuza uso kutoka ukutani niandikie tena.