Kuanza SDN: soma jedwali la swichi kabla ya kuandika programu

Swichi ya kawaida huamua pakiti iende wapi, kisha huipeleka yenyewe. Katika SDN (mtandao unaoongozwa na programu), uamuzi huo unahamia kwenye programu iitwayo kidhibiti, na swichi inabaki kutekeleza kanuni ilizoandikiwa. Kwa kujifunza, itifaki nzuri ya mawasiliano yao ni OpenFlow, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2008.

Usinunue kifaa chochote. Kompyuta yenye Ubuntu, Mininet (huiga mtandao mzima ndani ya kompyuta) na Open vSwitch (swichi ya programu) inatosha. Kidhibiti cha Ryu ni chepesi kusomeka, ila hakitunzwi tena na husumbua kwenye Python mpya. Kiwekee Python 3.9 ya peke yake. Kiwashe:

ryu-manager ryu.app.simple_switch_13

Kwenye teminali ya pili:

sudo mn --topo single,3 --mac --switch ovsk,protocols=OpenFlow13 --controller remote

Hapo wanaoanza hukimbilia ping, yaani kujaribu kama kompyuta moja inaifikia nyingine. Subiri. Kwenye teminali ya tatu soma kwanza jedwali la kanuni za swichi, ambayo Mininet imeiita s1:

sudo ovs-ofctl -O OpenFlow13 dump-flows s1

Utakuta kanuni moja, priority=0, inayopeleka kwa CONTROLLER kila pakiti isiyo na kanuni yake. Sasa rudi Mininet uandike h1 ping -c 5 h2 (h1 na h2 ni kompyuta mbili za kuigwa). Jibu la kwanza huchelewa kuliko mengine, maana swichi imeuliza kwanza. Soma jedwali tena: kanuni za priority=1 zimeingia, na maswali yamekwisha.

Kanuni ile ya priority=0 ikikosekana, OpenFlow 1.3 hutupa pakiti kimyakimya. Toleo la 1.0 lilizipeleka kwa kidhibiti, ndiyo maana programu ya zamani ikihamishwa bila kuongezewa kanuni hiyo, mtandao hufa bila ujumbe wowote wa kosa.

Kinachopotosha zaidi ni fail-mode, mpangilio unaoamua swichi ifanye nini ikikosa kidhibiti. Mininet huweka secure, lakini swichi uliyoiunda mwenyewe kwa Open vSwitch huanza na standalone: ikikikosa kidhibiti, hujiendesha kama swichi ya kawaida. Ping zitapita, nawe utaamini programu yako inafanya kazi ilhali haijaguswa. Hakikisha sudo ovs-vsctl show inaonyesha is_connected: true. Isipoonyesha, angalia mlango (port) wa kidhibiti: 6653 ndio rasmi, 6633 ni wa zamani.

Usiunganishe swichi kwa duara ukitumia simple_switch_13. Haizuii mizunguko, kwa hiyo ombi moja la ARP (la kuuliza anwani ya MAC ya kompyuta nyingine) litazunguka bila kikomo na kuielemea kompyuta. Ikitokea, toka Mininet, kisha safisha mabaki kwa sudo mn -c kabla ya kuanza upya.